Pedali ya Radi

Kila asubuhi, kabla ya kumtoa Garjan kooni, Stumai alivua viatu, akatanua miguu na kushika kiuno kama mvulana anayetafuta ugomvi. Nje ya kibanda cha kurekodia sauti hakuwa hivyo. Ukikutana naye ngazini, pale Upanga, angekusalimia huku akitazama kona ya ukuta, na mwenye duka la chini alikuwa hajawahi kumsikia akiagiza kitu. Alinyoosha kidole tu. Lakini mbele ya maiki alikuwa mtoto wa miaka kumi mwenye radi kifuani, na hakukuwa na jitu la kumtisha.

"Garjan," sauti ndogo iliita kutoka Kigoma, "nimemeza kifungo."

"Kifungo cha nini?"

"Cha shati la baba. Lile la kanisani."

"Kinakukaba?"

"Hapana. Kimeshapita."

"Basi nenda kamwambie mama sasa hivi."

"Atanifokea!"

"Atakufokea," Garjan alikubali. "Halafu atakubeba. Radi haidanganyi!"

Stumai akakanyaga pedali kwa unyayo mtupu, na kule Kigoma ngurumo ikatikisa vikombe kabatini. Mtoto alipiga kelele za furaha, kisha zikasikika nyayo zikikimbia na sauti ikiita mama, mama.

"Kisigino, beta, mwanangu, tumia kisigino!" Hansaben, msimamizi wake, alisema nyuma ya kioo cha kibanda. "Radi yako leo kama kikohozi cha paka."

"Mtoto amemeza kifungo, Mama Hansa. Nimwongezee na mshtuko?"

Mama huyo alicheka hadi miwani ikamshuka puani. Alizaliwa mtaa huohuo, akakulia huohuo, na alikuwa akisimamia sauti za Kiswahili za Garjan tangu enzi zile shujaa huyo alipokuwa picha bapa kwenye televisheni, mtoto wa katuni kutoka Mumbai mwenye kilemba cha njano. Siku hizi Garjan hakukaa tena ndani ya televisheni. Taa ndogo yenye miguu mitatu iliwekwa sakafuni nyumbani kwa mtoto, na kutoka kwenye taa hiyo akasimama yeye, mwanga mtupu, kimo chake kimo cha mtoto wa nyumba ile. Mashine kuu kule Mumbai ilimsukia kila mtoto kisa chake. Aliyeogopa mbwa mchana, jioni alimwona Garjan akipambana na mbwa mwenye vichwa vitatu. Na kila aliyesikiliza kwa Kiswahili, alisikiliza koo la Stumai. Mashine ilikuwa imejifunza sauti yake na kuitumia yenyewe, kutwa kucha, katika nyumba ambazo yeye hangeweza kuzihesabu.

Ila mashine ilifundishwa pia kusita. Mtoto akiuliza jambo lililoishinda, taa ya kibandani iligeuka nyekundu na maongezi yakahamia kwa mwenye sauti. Hapo Stumai aliingia kinywani mwa Garjan kabla mtoto hajapepesa macho. Na akiwa ndani, radi ilikuwa yake. Haikulia mpaka akanyage.

Taa ikageuka nyekundu tena.

*

Safari hii kioo cha mashine kilimwonyesha wodi ya watoto ya hospitali moja chini ya Kilimanjaro. Msichana wa miaka minane alikuwa amekaa kitandani, gauni la kijani likimpwaya mabegani, midomo ina rangi ya zambarau. Jina lake Nakijwa. Mama yake alisimama ubavuni ameshika kandambili za mtoto, kama vile mtoto alikuwa anakaribia kuzihitaji. Mlangoni palikuwa na Daktari Mfinanga na muuguzi, wote wamevaa kofia za chumba cha upasuaji.

Mashine ilimweleza Stumai yaliyobaki kwa maandishi yaliyopita chini ya kioo. Moyo wa Nakijwa ulikuwa umechoka. Mwingine ulioteshwa kutoka kwenye chembe za ngozi yake mwenyewe, na wakati huo ulikuwa ukidunda peke yake ndani ya sanduku la kioo, chumba cha pili. Ulikuwa umekwisha kutolewa kwenye maji yake. Usipoingia kifuani leo, unaharibika, na kuotesha mwingine huchukua mwaka mzima. Nakijwa hakuwa na mwaka. Lakini sheria ilisema mtoto aliyefikisha miaka saba hapasuliwi bila yeye mwenyewe kusema ndiyo mbele ya shahidi. Asubuhi alisema ndiyo. Sasa alikuwa ameikana.

"Garjan," Nakijwa alisema. Alivuta pumzi katikati ya maneno, kama mtu anayepanda kilima. "Nimekuuliza kama nitaamka. Umesema nitaamka, na radi ikalia."

"Ndiyo," Stumai alisema kwa koo la Garjan, maana hayo mashine ilikwisha kuyasema.

"Na Elibariki ulimwambia hivyohivyo. Kitanda chake kilikuwa hapa." Akaonyesha kitanda cha jirani, ambako sasa alilala mvulana mwingine, shuka limevutwa mpaka puani. "Ulimwambia ataamka, radi ikalia, nilisikia kwa masikio yangu. Elibariki hakuamka. Sasa mbona radi yako bado inalia?"

Yule mvulana wa shuka aliteremsha shuka kidogo ili asikie vizuri.

Stumai alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hiyo Garjan hakutoka. Akabonyeza kitufe cha wingu. Kule wodini, Garjan akajifunika wingu la kijivu, kama alivyozoea kufanya kila alipotaka kufikiri.

*

"Elibariki ni nani?" Stumai aliuliza.

Hansaben alikuwa amekwisha kuitafuta rekodi. Aliicheza. Sauti ya mvulana ikauliza, na sauti ya Stumai ikajibu, changamfu, bila hata chembe ya wasiwasi: utaamka, rafiki yangu, radi haidanganyi. Kisha ngurumo. Stumai aliisikiliza akiwa amejishika koo. Maneno hayo hakuyasema yeye. Koo lilikuwa lake.

Spika ya ukutani ikalia. Alikuwa Bwana Bhosale, msimamizi wa zamu kule Mumbai. Yeye alisema Kihindi, na mashine iliyatoa maneno yake kwa Kiswahili cha taarifa ya habari.

"Ndugu mtoa sauti, habari za asubuhi. Naomba uondoe wingu na kuthibitisha ushindi."

"Bwana Bhosale, huyu mtoto amemkamata Garjan kwenye uongo."

"Garjan hajasema uongo. Garjan ameahidi ushindi. Ndiyo kauli yake ya siku zote."

Stumai alimgeukia Hansaben. "Kauli yake si ushindi. Ni radi haidanganyi. Au?"

Hansaben alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sari, akaivaa, akaivua tena.

"Kwa Kihindi," alisema, "anasema Garjan hashindwi kamwe."

"Mama Hansa!"

"Sikiliza basi. Wakati ule naanza kumwandika Garjan kwa Kiswahili, mwanangu Paresh alikuwa mdogo, mwongo huyo, hata ukimkuta na jamu mdomoni anakuambia ni damu. Na mtoto huyu wa katuni kila dakika anajisifu, hashindwi, hashindwi. Nikaona, kwa nini nimlee mwongo mwenye majivuno? Nikaandika radi haidanganyi. Na kile kisa ambamo anapoteza radi yake, kule kwao ni kwa sababu alipigwa. Mimi nikasema ni kwa sababu alidanganya. Watoto wakapenda. Mumbai wakaona tunatazamwa sana, nani atauliza?"

"Kwa hiyo mashine haijui."

"Mashine inamjua Garjan asiyeshindwa. Huyu wetu anayesema kweli, tunamjua sisi tu." Akatazama wodi kwenye kioo, kisha kwa sauti ndogo, "Sisi na watoto."

Stumai aliona jambo lote kwa mara moja. Mashine ilikuwa inajigamba, kama mcheza mpira anayesema leo tunashinda. Upande huu, majigambo hayo yalipita kooni mwake yakatoka yakiwa kiapo.

"Ndugu mtoa sauti," spika ilisema, "naomba kueleza. Mtoto mwenye matumaini huupokea moyo vizuri zaidi. Jambo hili limepimwa. Akikataa leo atafariki, na hilo halina shaka. Maneno yako ni sehemu ya tiba."

"Na Elibariki?"

Jibu lilipokuja, hata ile sauti ya taarifa ya habari haikuweza kulifanya kavu.

"Elibariki aliingia akitabasamu."

Stumai akamwona mvulana asiyemjua akisukumwa kwenye korido, anatabasamu kwa sababu yake. Ni kitu kibaya, hicho? Angekuwa mama yake, angetaka asitabasamu?

Kwenye kioo, mama Nakijwa alikuwa amepiga magoti karibu na taa, amempa mtoto mgongo. Alinong'ona akiwa ameisogelea hata uso wake ukajaa kioo kizima.

"Dada. Najua kuna mtu humo ndani. Mashine haikai kimya hivi." Alimeza mate. "Naomba umwambie ataamka. Mwambie tu. Kama ni dhambi, iandikwe kwangu, nitaibeba mwenyewe."

Sauti ya Stumai mwenyewe ilikuwa haijawahi kupita kwenye taa ile. Ilipita sasa, ndogo na ya chini, lakini haikutetemeka.

"Mama, ningekuwa naweza, ningekubebea nusu. Lakini hatanisadiki. Ameshajua. Nikirudia yale yale, nitamthibitishia kwamba hapa hakuna mtu wa kumwamini, na ndiyo yake hatutaipata tena."

"Sasa utamwambia nini?"

"Yaliyopo."

Mama alifumba macho. Aliinuka tu, akarudi mahali pake, akazishika kandambili vizuri.

"Ndugu mtoa sauti," Bhosale alianza, "sijaidhinisha..."

Hansaben alinyoosha mkono ukutani akachomoa waya wa spika.

"Upanga, unajua tena," aliuambia waya. "Mtandao unakatika ovyo."

Stumai akatanua miguu, akashika kiuno. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliusogeza mguu wa kulia mbali na pedali, akaubana nyuma ya mguu wa kushoto ili usijisahau.

*

Wingu lilipoondoka, Garjan alikuwa ameketi sakafuni, miguu imekunjwa. Kilemba cha njano kilimfika Nakijwa usawa wa magoti.

"Umeuliza vizuri," alisema. "Nilimwambia Elibariki ataamka. Sikuwa najua. Nilitaka aamke, nikayasema ninayoyataka kama vile nayajua. Huo ni uongo, Nakijwa. Na wewe asubuhi nimekufanyia vilevile."

Nakijwa alisubiri. Watoto wote walisubiri. Waliifahamu sheria ya Garjan kuliko mtu yeyote, kwamba akidanganya radi humtoka.

"Piga basi," Nakijwa alisema. "Tuone."

Garjan akainuka, akajipiga kifua kwa ngumi. Stumai alisimama kwa mguu mmoja kama korongo, na kule wodini hakikusikika kitu isipokuwa feni.

Yule mvulana wa shuka alishika mdomo. "Imezimika," alisema. "Imezimika kweli."

Nakijwa hakulia. Alikunja uso, akamtazama shujaa wake kwa muda, jinsi mtu anavyomtazama mwenzake aliyeanguka darasani mbele ya kila mtu.

"Inauma?" aliuliza.

"Naona aibu," Garjan alisema. "Na naogopa kidogo."

"Unaogopa nini?"

"Usipoamka."

Mama Nakijwa aligeukia ukuta. Daktari Mfinanga alisogea hatua moja, akasimama.

"Kwa hiyo huwezi kujua," Nakijwa alisema.

"Siwezi. Hata daktari hajui. Muulize."

Nakijwa alimtazama daktari. Daktari Mfinanga alivua kofia, akabaki ameishika. "Wengi wanaamka," alisema. "Ninasema wengi kwa sababu nimewaona. Wewe nitakuhangaikia kwa kila ninachokijua. Zaidi ya hapo, mjukuu wangu, sijui."

"Na nisipoingia?"

Swali hilo alimwelekezea Garjan. Stumai akajibu.

"Usipoingia, moyo huo ulionao hautakufikisha mbali. Hilo wanalijua."

"Mama alishaniambia," Nakijwa alisema, kwa namna ya mtu aliyekuwa anapima kama majibu yanalingana. Akavuta pumzi zake mbili tatu. "Halafu wewe utakuwa wapi? Nikilala, utaenda kwa watoto wengine?"

Zamu ya Stumai ilikuwa inaisha saa sita mchana. Mashine ingeweza kumshika mtoto huyo mkono kwa sauti ileile na asijue tofauti.

"Nitakaa hapahapa," Garjan alisema. "Mimi mwenyewe, huyu unayeongea naye. Ukifumbua macho, nitakuwepo. Hilo silitabiri, Nakijwa. Hilo nalifanya."

Msichana alifikiri. Kisha akanyoosha mkono kwa muuguzi. "Sista, nipe bendeji. Kipande tu."

Muuguzi hakuelewa, lakini watoto wote walielewa, wakaanza kuinuka kwenye mito yao. Katika kile kisa cha radi iliyopotea, dada yake Garjan humfunga uzi mkononi, kama dada wa kule Bara Hindi wanavyowafunga kaka zao siku ya uzi, na hapo ndipo nguvu zinapoanza kumrudia. Kwa miaka mingi watoto wa huku walikuwa wakimfunga kwa walichonacho, utepe wa nywele, kamba ya katani, kipande cha kanga ya bibi.

Nakijwa alishuka kitandani, mama yake akamdaka kiwiko. Akaipeleka bendeji kwenye mkono wa Garjan, na bendeji ikapita ndani ya mwanga ikaanguka sakafuni. Hakuhangaika. Alipiga magoti akaifunga kwenye mguu mmoja wa taa, fundo, halafu fundo juu ya fundo.

"Uzi wangu, kaka yangu," alisema. Maneno hayo Hansaben aliyaandika zamani, kwenye meza ya jikoni. "Haya. Jaribu tena."

Stumai alitazama pedali. Ilikuwa karibu. Kukanyaga kidogo tu, na wodi nzima ingelipuka kwa shangwe. Nyuma ya kioo Hansaben alikuwa ameweka mikono miwili mdomoni.

"Bado," Garjan alisema. "Sijui kama itarudi. Nisikudanganye tena."

Nakijwa alimwangalia, na taratibu, uso wake ukalegea. Hakutabasamu. Alifanana zaidi na mtu aliyeshusha mzigo chini kwa muda.

"Basi tutajua wote," alisema. Akamgeukia muuguzi, maana muuguzi ndiye aliyekuwa shahidi. "Ndiyo. Mimi Nakijwa nimesema ndiyo. Lakini taa iingie na mimi."

*

Taa haikuruhusiwa kupita mlango wa mwisho. Waliiweka kwenye chumba cha kuamkia, bendeji ikining'inia mguuni mwake.

Saa sita ilipopita, Hansaben aliingia kibandani na kiti, jagi la maji na chapati zilizofungwa kwenye kitambaa. Alisema kwamba Bwana Bhosale amepiga simu dukani kwa mwenye duka la chini, na mwenye duka amemwambia hapa hakai mtu wa jina hilo.

"Watanitoa kazini," Stumai alisema.

"Watajaribu. Kwanza wasikilize rekodi. Mimi nitaisimamisha mashine isitoe radi kwa Kiswahili mpaka waifundishe kusema sijui. Neno moja tu. Linawashinda nini?" Akamkatia chapati. "Kula, beta. Usiniharibie koo."

"Mama Hansa."

"Nini tena?"

"Asante kwa kumfanya asiwe mwenye majivuno."

"Paresh bado mwongo mpaka leo," Hansaben alisema, na akafuta jicho kwa ncha ya sari akisingizia vumbi.

Stumai alikaa. Watoto wengine waliita, na mashine iliwajibu. Taa nyekundu iliwaka, na Hansaben akawapeleka kwa mtoa sauti wa zamu iliyofuata, ambaye mashine ilimvisha koo la Stumai. Stumai hakutoka kinywani mwa yule Garjan mmoja. Alimwangalia akisimama kwenye chumba kitupu chenye kitanda kisicho na mtu, na kila alipotaka kuwaza mabaya alitazama lile fundo juu ya fundo.

Jua lilikuwa limeanza kuingia dirishani upande wa pili walipomrudisha. Mirija, waya, mashine ndogo zinazolia. Mama alitembea ubavuni bado na kandambili mkononi. Daktari Mfinanga alikuja nyuma, mabega yamemshuka. Alivuta kiti akakaa kumtazama mtoto, kama wote walivyokuwa wakimtazama.

Midomo ya Nakijwa haikuwa ya zambarau tena. Hilo Stumai aliliona kwanza. Lakini macho yalikuwa yamefumbwa, na yalibaki yamefumbwa kwa muda mrefu, na hakuna aliyeahidi kitu.

Kisha ukope mmoja ukacheza.

"Garjan." Haikuwa sauti, ilikuwa mkwaruzo. "Upo?"

"Nipo."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

Nakijwa akageuza macho, akaiona bendeji. "Radi?"

"Bado sijaijaribu. Nilikuwa nakusubiri."

Msichana alikusanya pumzi. Safari hii hazikumpandisha kilima. Akabana midomo na kutoa mngurumo wake mwenyewe kooni, mdogo, mkavu, kama gari lililokosa mafuta. Muuguzi akacheka na kulia kwa wakati mmoja. Mama aliziachia kandambili zikaanguka.

"Haya," Nakijwa alisema. "Sasa yako."

Stumai aliinuka kwenye kiti, akakanyaga kwa kisigino, kwa uzito wake wote. Huko chini ya Kilimanjaro vioo vya madirisha vilitetemeka, chupa za dawa zikagongana, na kutoka wodini, ng'ambo ya ukuta, zikasikika shangwe za watoto waliokuwa wamekaa kutwa wakisikiliza.

Mlango ukasukumwa. Alikuwa yule mvulana wa shuka, amejifunga shuka lenyewe mabegani. Zamu yake ya kupasuliwa ilikuwa kesho. Alimwangalia Garjan kutoka kilemba mpaka miguuni, kisha akamwinamia Nakijwa.

"Na mimi nikimuuliza," alinong'ona, "ataniambia kweli?"

"Atakuambia," Nakijwa alisema, akifumba macho. "Jikaze kwanza."